Bibi Harusi Kwenye Taa Zilizozimika

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimekalia kiti cha dereva kwa mara ya kwanza tangu goti linishushe kwenye Fuso, na sijaendesha hata kidogo. Kazi yangu ni kukaa. Gari linajiendesha lenyewe kutoka Mikumi mpaka Kilosa na kurudi, linabeba wagonjwa wa kliniki bure kwa kipindi cha majaribio, na mimi nimewekwa hapo niushike usukani pale tu linapotaka kuua mtu. Injinia Goodhope, kijana kutoka Dar mwenye adabu nzuri na viatu visivyofaa kwa matope, kanieleza mpaka nimeshika kwa moyo.

"Shikamoo mama. Ukigusa usukani, mfumo unaandika kwamba gari limeshindwa. Kwa hiyo usiguse bila sababu."

Nikaitikia marahaba, nikamuuliza majaribio yanaisha lini. Akasema masika yakiisha. Gari likiweza kuvuka kila mahali bila mkono wangu, kiti kitabaki kitupu.

Naandika ili nisije nikajifanya sikuambiwa. Gari hili halina klachi, na goti langu la kushoto haliwezi tena kukanyaga klachi. Hakuna gari lingine njia hii ninaloweza kuliendesha. Likiniacha hili, udereva wangu ndiyo umekwisha.

Jumatano, 4 Machi

Njia kavu. Nimekaa.

Alhamisi, 5 Machi

Alhamisi ni siku ya kliniki ya sukari, kwa hiyo leo nimempakia Mzee Oswald pale Mikumi. Huyu ndiye aliyenifundisha udereva kwenye malori ya mkonge, enzi ambazo wanaume wengine wote walikuwa wananishauri nikajifunze cherehani. Nikamwamkia, akaitikia, akachagua siti ya nyuma yangu kabisa ili anisute kwa raha.

"Mikono yako iko wapi?"

"Mapajani, mzee."

"Na gari linaendeshwa na nani?"

"Linajiendesha."

"Kwa hiyo umekuwa yaya wa gari."

Abiria wote wakacheka. Na ni haohao waliolibatiza gari. Linakwenda taratibu, linatazama mbele tu, halimjibu mtu salamu: Bibi Harusi. Goodhope anasema gari lina jina lake rasmi la herufi na namba. Nikamwambia abaki nalo.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua imeanza, na balaa limeanza nayo.

Kuna daraja kabla hujafika Zombo. Upande mmoja unatengenezwa, kwa hiyo magari yanapita upande mmoja tu, kwa zamu, na kila mwisho wa daraja wameweka taa: nyekundu simama, kijani pita. Taa zenyewe ni za sola. Masika jua halionekani siku tatu, nne, na masika ndiyo wakati daraja linahitaji taa kuliko wakati wowote. Aliyekaa mezani akaamua hivyo ningependa nimuone sura.

Tumefika asubuhi, taa zimekufa zote mbili. Madereva wa hapa hawakuhangaika. Upande wa Mikumi yuko Loveth, muuza chai, ambaye anaacha birika lake anasimama barabarani na kuelekeza. Upande wa Kilosa yuko Ditram. Mwaka jana Ditram ndiye aliyekuwa taa, anashika kibao chekundu huku na kijani huku, mpaka zilipoletwa hizi za sola wakamfanya mlinzi wa betri. Wanapigiana simu, mmoja anafunga, mwingine anafungua. Ni kazi nyepesi kabisa, ila Bibi Harusi haijui.

Kanuni yake inasema taa ikizimika, simama, subiri mpaka mbele pawe peupe. Mbele hapawi peupe. Lori likitoka inakuja Noah, Noah ikitoka inakuja trekta. Loveth akatupungia tupite, gari halikumuona kuwa ni mtu wa maana kwa sababu hana sare nyeupe ya trafiki. Akapunga tena. Akatukana. Nyuma yetu honi zikaanza, na nyuma yangu kabisa akaanza Mzee Oswald.

"Linasubiri nini?"

"Taa, mzee."

"Taa imekufa."

"Najua."

"Taa haikugongi, Editha. Anayekugonga ni mtu. Mwangalie mtu. Si nilikufundisha hivyo?"

"Ulinifundisha mimi, mzee, hukulifundisha gari."

Wagonjwa wa sukari hawatakiwi kuchelewa kula, na walikuwa wamefunga kwa ajili ya kipimo. Nikaushika usukani, nikavuka. Kompyuta ikalia pi, ikaandika kwamba gari limeshindwa. Nimejisikia vizuri, na nimejisikia vibaya kwa kujisikia vizuri.

Ijumaa, 13 Machi

Taa zimekufa. Nimeshika usukani.

Jumanne, 17 Machi

Goodhope kabadilisha kanuni. Sasa taa ikiwa imezimika na zamu ikichelewa, gari lisogee polepole, lijipenyeze. Kasema ndivyo madereva wa Dar wanavyofanya. Nikamwambia Dar hamna mto katikati.

Tumejipenyeza. Katikati ya daraja tukakutana pua kwa pua na lori la mahindi. Dereva wa lori hakushuka, akamtuma konda.

"Mama, rudisha hiyo."

"Siirudishi mimi. Inajirudisha."

"Basi iambie."

"Haisikii."

Konda akanitazama, akatazama usukani, akatazama mikono yangu iliyotulia mapajani, akarudi kwa bosi wake. Nilimsikia akisema kuna mama mle ndani nadhani hayuko sawa. Kwa ajili ya hilo tu nimeshika usukani nikarudi nyuma, na nimerudi nyuma vizuri, kwa kioo kimoja, kwenye utelezi. Lori lilipopita dereva akanipigia honi fupi ya heshima. Nimeibeba honi hiyo mpaka nyumbani.

Jumanne, 24 Machi

Kanuni mpya: mfuate wa mbele yako. Wa mbele yetu alikuwa bodaboda aliyebeba godoro. Bodaboda anapita ubavuni mwa basi, Bibi Harusi hapiti. Sitaki kusimulia zaidi.

Alhamisi, 2 Aprili

Nilidhani nimeona yote. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Goodhope kasikia hatimaye habari ya Loveth na Ditram, kwamba taa zikifa watu ndio wanaelekeza. Kafurahi kama vile amegundua dawa. Kalifundisha gari kwamba mtu yeyote aliye barabarani akiinua mkono, limtii. Na huku kwetu, Mungu wangu, nani hainui mkono? Mtu akiona gari anasalimia. Akitaka lifti anainua mkono, asiyetaka lifti anainua mkono kusema sitaki lifti, nenda salama. Tumesimama kwa mwalimu. Tumesimama kwa akina mama waliotoka mashine ya kukoboa. Tumesimama kwa mzee aliyekuwa anafukuza nyuki.

Karibu na Zombo tukakuta Shigela, mfugaji wa Tindiga, anavusha ng'ombe zake. Tunafahamiana, kwa hiyo akainua mkono. Gari likasimama. Akaona limesimama, akainua tena kushukuru. Gari likaendelea kusimama. Akawa ananisemesha kwa mbali, habari za Kilosa, habari za goti, kila akiuliza mkono uko juu, na mimi siwezi kumwambia ashushe mkono kwa sababu dirisha lina kitufe na kitufe kinakataa. Ng'ombe walishavuka zamani.

Mzee Oswald alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikaogopa. Tulipofika kliniki nilimshika mkono kushuka. Amepungua mwili, shati linamning'inia.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Sijakanyaga barabara. Mvua mchana kutwa.

Alhamisi, 9 Aprili

Ditram naye ana ufumbuzi. Yeye akiwa na jambo hasemi haraka, kwanza anakueleza kwamba baba yake alikuwa mtu wa ishara pale stesheni ya Kilosa. Tunajua, Ditram. Sote tunajua. Tumejua tangu ubatizo.

Ila leo alikuwa na neno. Kwenye reli ya njia moja, anasema, treni haiingii mpaka dereva akabidhiwe kifimbo mkononi. Kifimbo ni kimoja tu. Aliye nacho anaingia, akitoka ng'ambo anakikabidhi kule. Asiye nacho hata awe nani anasubiri. Basi na sisi tufanye hivyo: gari la mwisho la kundi libebe tawi, likifika ng'ambo likabidhi, ndipo ng'ambo nao waje. Na tawi si geni kwetu, maana gari likiharibika njiani tunatandaza majani kuwaonya wanaokuja.

Goodhope akaandika haraka haraka. Kamera italitambua tawi. Gari lenye tawi linavuka, lisilo na tawi linasubiri likabidhiwe.

Nikamuuliza gari litapokeaje tawi bila mikono. Akasema kwa sasa utapokea wewe, mama. Lile neno la "kwa sasa" limenikaa rohoni kutwa nzima.

Jumanne, 14 Aprili

Taa zimekufa. Tawi limefanya kazi. Ditram ametembea siku nzima kifua mbele, havumiliki.

Alhamisi, 16 Aprili

Ng'ombe wa Shigela amekula tawi.

Naandika taratibu kwa sababu bado nina hasira. Gari la mwisho kutoka Kilosa lilileta tawi, Loveth akalipokea, akaliegemeza kwenye meza ya chai ahudumie mteja mara moja. Tawi lilikuwa la mlusina, na mlusina kwa ng'ombe ni kama pilau. Ng'ombe hakuiba, alipita tu na njia yake.

Kwa hiyo upande huu hatuna tawi. Loveth akataka kukata lingine. Akampigia Ditram kumjulisha, na Ditram akakataa katakata: kifimbo ni kimoja, ukikata cha pili unaua watu, baba yake angefukuzwa kazi kwa kitu kama hicho. Loveth akamwambia tawi liko tumboni kwa ng'ombe. Ditram akasema basi hakuna gari litakalovuka mpaka jambo hilo limalizwe kwa utaratibu. Foleni huku ikafika kwenye kona. Kule nako vilevile, wanatusubiri sisi tupeleke tawi. Watu wazima, wenye leseni, pande mbili za mto, tunamsubiri ng'ombe.

Shigela akaja akavua kofia. "Mama, kama ni kumlipia nitalipa."

"Unalipia nini, Shigela? Jani?"

"Sijui. Naona watu wamekasirika sana."

Mzee Oswald alikuwa anatetemeka nyuma, hajala. Nikampa muhogo wa Loveth, nikashuka garini. Nimetoka kwenye gari linalofanyiwa majaribio, jambo lisiloruhusiwa, nikavunja tawi kubwa, nikasimama katikati ya barabara nikaliinua juu. Nikampigia Ditram nikamwambia nafungua huku, wewe funga huko, na ukinitajia reli nakuja na miguu yangu. Akafunga. Nikaliweka tawi chini ya miguu yangu, nikasogea pembeni, magari yakapita.

Jumanne, 21 Aprili

Kumbe kamera za Bibi Harusi zilikuwa zinanitazama muda wote.

Goodhope kaja na kompyuta yake, kanionyesha mimi mwenyewe, nimesimama kwenye mvua na tawi juu, uso umekunjamana. "Mama, hii ni safi sana. Tawi juu, simama. Tawi chini na mtu pembeni, pita. Haichanganyiki na salamu. Hakuna haja ya kukabidhiana kitu, kwa hiyo..." Hapo akasita, ni kijana mwenye huruma, akafunga mdomo.

Nikamalizia mwenyewe. "Kwa hiyo hakuna haja ya mkono ndani ya gari."

"Ndiyo, mama."

"Na kama taa zimekufa na hakuna mtu barabarani?"

"Bila mtu halivuki. Litasubiri mtu. Hiyo nimeiacha hivyo."

Hasira hasara. Mwezi mzima nimelitukana gari hili kwa ujinga, na siku niliyopandwa na hasira ndipo nikalifundisha.

Alhamisi, 23 Aprili

Taa zimekufa. Loveth kainua tawi, gari likasimama. Kaliweka chini, likavuka lenyewe, laini, bila kutikisa mtu. Mikono yangu ilikuwa mapajani.

Mzee Oswald kaangalia yote. Tulipopita Zombo akaniinamia sikioni.

"Unamfundisha atakayekalia kiti chako."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nilifanya hivyohivyo. Nilikufundisha wewe, ulipoiva wakanistaafisha, wakakupa lori langu."

Miaka yote hiyo sikuwahi kuliunganisha. Nilidhani alichoka. Nikamuuliza kama ilimuuma.

"Iliuma. Inauma mpaka leo." Akaegemea siti. "Ila ulikuwa unarudi nyuma vizuri. Ningefanyaje?"

Jumanne, 28 Aprili

Limevuka lenyewe.

Alhamisi, 30 Aprili

Limevuka lenyewe. Mzee Oswald hana sauti leo, kasinzia njia nzima. Hakuniita yaya.

Jumatatu, 4 Mei

Limevuka lenyewe. Ditram ananiambia tawi lilikuwa wazo lake. Sijambishia, sina nguvu.

Alhamisi, 7 Mei

Mzee Oswald hakupanda. Binti yake, Anastazia, kanipigia kwamba wamemlaza. Gari lilisubiri kituoni kwake muda wake uliopangwa, mlango wazi, mvua inaingia, kisha likafunga mlango likaondoka. Nilitaka kulipiga kofi.

Jumapili, 10 Mei

Mzee Oswald amefariki alfajiri. Watamzika Chanzuru, waliko wazazi wake waliokuja kukata mkonge. Mazishi ni Jumatano, mwili utatoka Mikumi Jumatano asubuhi.

Na jaribio la mwisho ni keshokutwa, Jumanne. Angalau nitawahi kumsindikiza.

Jumatatu, 11 Mei

Goodhope kapita nyumbani kunieleza. Kesho kiti kitakuwa kitupu, milango itafungwa kutoka ofisini, wageni wa kampuni watakaa ng'ambo ya Kilosa kulipokea gari. Watu wa kampuni hawaruhusiwi kulisaidia. Mwenyeji yeyote anaruhusiwa, maana ndiyo hali halisi ya barabara. Likivuka kabla ya giza, limefaulu. Lisipovuka, majaribio yanaongezwa mpaka vuli, na mimi nabaki kitini.

"Na wewe mama, kesho si mfanyakazi. Kesho wewe ni mwananchi wa kawaida. Utasimama upande wa Mikumi unipigie tu likifika."

Nimesema sawa. Usiku nimeomba taa zife. Sijui Mungu huwa anazipangaje dua za namna hii.

Jumanne, 12 Mei

Taa zilikuwa zimekufa.

Nilifika darajani mvua ikinyesha, na Loveth hayupo. Meza imefunikwa turubai, birika limepinduliwa. Kumbe kaenda Mikumi kupika msibani, na wote waliozoea kuzubaa pale wako msibani. Upande wetu palikuwa na mimi peke yangu na mwavuli. Ng'ambo Ditram anapitisha magari yake, kwa mvua ile namuona kivuli tu.

Bibi Harusi akaja. Kwa mara ya kwanza nilimuona kutoka nje akija peke yake, kiti changu kitupu, mkanda umefungwa bila mtu. Akafika mstarini, akaona taa imekufa, akasimama kwa adabu. Simu ikaita.

"Shikamoo mama. Limefika?"

"Limefika. Limesimama."

"Sawa. Kuna mtu wa kuelekeza?"

Nikatazama huku na huku, kama mtu anayetafuta kweli.

"Hakuna mtu," nikasema.

Kisha akasema tusubiri tu, mama, atatokea. Nikakata simu. Nilikuwa nimesimama karibu na gari kiasi kwamba maji ya mwavuli wangu yanadondokea boneti yake. Miti ya kuvunja tawi imejaa kila upande. Nikajiambia sijasema uongo mkubwa, nimesema mwelekezaji hayupo, na kazi ya kuelekeza si yangu. Nikajiambia wana pesa zao, wataongeza mpaka vuli, hawatakufa. Nikajiambia mengi. Bodaboda walitupita pembeni. Noah moja ilisubiri ikachoka, ikageuza. Mchana ukawa unakwenda, mto unapanda, rangi ya ugoro, na gari linanisubiri mimi kwa utulivu uleule ulionitia wazimu tangu Machi. Lilikuwa limegeuzia kamera zake kwangu. Lilikuwa linajua kuna mtu, halijui tu kama anataka.

Ndipo kwenye kona zikatokea taa za magari, zimewashwa mchana, zinakuja polepole. La mbele lina kitambaa chekundu cha msiba kwenye kioo.

Hawakutakiwa kuja leo. Yalikuwa yamefanyika mabadiliko, mvua inazidi, wazee wakaona walale na mwili Chanzuru wasije wakakatwa na mto kesho. Simu walinipigia, nami nilikuwa nimeiweka mfukoni nisiisikie ya Goodhope.

Wakafika wakasimama nyuma ya Bibi Harusi. Pale njia ni tuta tupu, huku magari ya Ditram yanatoka, huku shimo, hakuna pa kupita. Na hakuna aliyepiga honi, kwa sababu msibani hatupigi honi. Ningeshukuru wangepiga. Ningepata wa kugombana naye.

Anastazia akashuka kwenye gari la mbele, kitenge kichwani, macho yamevimba. Akatembea mpaka niliposimama.

"Dada Editha. Pole."

"Pole na wewe mdogo wangu."

Akalitazama gari, kiti kitupu, kisha akanitazama mimi.

"Baba amesimamishwa. Hilo gari lako linasubiri nini?"

Nilitaka kusema taa. Hata mdomo ulishafunguka. Nikakumbuka nani alinifundisha jibu la swali hilo.

"Linasubiri mtu," nikasema.

Nikafunga mwavuli nikampa. Nikampigia Ditram. "Funga upande wako."

"Nani mwenzangu?"

"Editha. Ni msiba wa Mzee Oswald."

Hakutaja reli. "Nimefunga," akasema. "Lete."

Nikavunja tawi. Nikasimama mbele ya Bibi Harusi nikaliinua juu, alione. Kisha nikaliweka chini nikasogea pembeni. Likawasha indiketa, yaani hata hapo liliwasha indiketa, likaingia darajani peke yake kwenye mvua, katikati kabisa ya njia, halikugusa huku wala huku. Nyuma yake likafuata gari la mzee, na mengine yote. Kwa hiyo Mzee Oswald amevushwa daraja na gari lisilo na dereva likimtangulia. Angekuwa hai angenisuta mpaka Kilosa.

Niliingia gari la mwisho. Ng'ambo nikaona wageni wa kampuni wanapiga makofi chini ya miavuli, kisha wakaona kitambaa chekundu, makofi yakafia mikononi. Goodhope hakupiga. Alisimama kwenye matope na viatu vyake vile, kavua kofia, na nilipopita akaniangalia mimi, hakuliangalia gari. Nadhani alijua "hakuna mtu" alikuwa nani.

Alhamisi, 14 Mei

Tumezika jana. Leo ofisi imepiga: wananishukuru, kiti hakihitajiki tena. Nimelia bafuni maji yakiwa yanatiririka, kama msichana. Nimekasirika na gari, na Goodhope, na sola, na goti. Na mzee kidogo.

Jumatano, 20 Mei

Jua limetoka. Taa zinawaka.

Jumatano, 3 Juni

Nimekwenda shambani Zombo kuchuma kisamvu. Fungu lilikuwa zito, nikalibeba begani, majani yananing'inia mpaka usoni, nikawa natembea ukingoni mwa barabara kuelekea darajani. Taa ya huku ilikuwa kijani, safi kabisa, inawaka mchana kweupe.

Bibi Harusi akaja nyuma yangu na abiria wa kliniki. Nikamsikia anapunguza mwendo. Nikageuka. Alikuwa amesimama, taa ya kijani iko wazi mbele yake, na kamera zake zote ziko kwangu. Nyuma yake Fuso likapiga honi, likapiga tena. Abiria mmoja akachungulia dirishani, "Mama, kuna nini?"

Kiti changu kilikuwa kitupu, mkanda umefungwa. Nilisimama hapo na majani yangu begani, nikaliacha gari lisubiri, na dereva wa Fuso akanitukana tusi ambalo zamani nililitumia mimi.

Kisha nikaweka kisamvu chini, nikasogea pembeni, likapita.